Ukisafiri bara, usizipite pojo ukitafuta chipsi

Wazee wetu walisema mtembezi hula miguu yake. Siku hizi mtembezi hali miguu. Anakula chipsi, soda ya nusu lita na biskuti za dirishani, kisha akirudi nyumbani analalamika kuwa sukari imepanda, presha imepanda na tumbo limefunga. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Safarini utakula nini?"

Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo, mpaka safari ya Ikutha iliponitia adabu.

Mpwa wangu ni mwalimu, na shule aliyopangiwa iko maeneo ya Ikutha, kusini mwa kaunti ya Kitui. Alipojifungua, tulifunga safari kutoka Mombasa kwenda kumtazama mzazi. Tulikuwa watu watatu: mimi, dada yangu ambaye ndiye bibi wa mtoto, na kaka yetu mkubwa ambaye anaishi na kisukari mwaka wa kumi sasa. Alfajiri kaka alikunywa chai kavu na hamri moja, akameza kidonge chake, tukapanda basi.

Tuliposimama Mtito Andei, mimi niliagiza chipsi na soda bila kufikiri. Kaka alizunguka na sahani tupu. Nyama hakuwa na uhakika nani aliyeichinja. Chipsi daktari amemkataza. Soda amekatazwa. Keki amekatazwa. Basi akarudi kitini akasema, "Nitakula tukifika." Nikamwona mtu mwenye msimamo.

Tukashuka Kibwezi, tukaingia matatu ya Ikutha. Matatu ikakaa steji zaidi ya saa nzima ikingoja abiria. Tulipovuka daraja la mto Athi, kaka alikuwa ameloa jasho, mikono inamtetemeka, na alichokuwa akisema hakikuwa na kichwa wala miguu. Dada yangu alidhani ni joto. Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu ndiye aliyetambua. "Huyu mzee ana sukari? Imeshuka hiyo," akasema. Akapasua pakiti ya sukari aliyotoka kununua sokoni, akamimina kiasi ndani ya chupa ya maji, akaitikisa na kumnywesha kaka taratibu. Baada ya robo saa hivi, kaka alianza kutuuliza tumefika wapi.

Tulipofika Ikutha, kabla ya kwenda kwa mpwa wetu, tuliingia kibanda cha kwanza tulichokiona. Mwenye kibanda alituletea ugali mdogo, ndengu na mboga za kunde. Kaka akamuuliza, "Mama, hizi ndengu umezitia nyama?" Akajibiwa, "Hapana, baba. Ni mafuta ya chupa, kitunguu na nyanya tu." Kaka alikula akamaliza. Kisha akatugeukia akasema neno ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: "Lakini pojo zilikuwako hata pale Mtito. Nimeziona kwa macho yangu nikazipita."

Kweli alizipita, na mimi nilizipita, kama tunavyozipita wengi wetu. Kwa nini?

Orodha ya makatazo bila orodha ya chakula

Mtu akigunduliwa ana kisukari au presha, hurudi nyumbani na orodha ndefu ya asichopaswa kula. Akiwa nyumbani orodha hiyo haimsumbui sana, kwa sababu mkewe au bintiye anajua la kumpikia. Shida huanza akitoka. Njiani anakutana na jiko asilolijua, anaanza kukataa kimoja kimoja, na mwisho anabaki na mambo mawili: ama ale kile kibaya kwa kusema "leo tu", ama asile kabisa. Mimi nilifanya la kwanza, kaka akafanya la pili. Lililomponza ni lake yeye, lakini langu pia si salama.

Hebu tuangalie sahani yangu. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 53 hivi, yaani kama vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 kwa 100 ya nishati tunayokula kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kwa hiyo chupa moja ilinimalizia fungu la siku nzima kabla ya adhuhuri, na bado sijahesabu chai ya maziwa ya jioni.

Chipsi nazo, kwa uzani ule ule, zina nishati mara tatu au zaidi ya viazi vya kuchemsha, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni mafuta. Juu yake tunanyunyiza chumvi kwa mkono mzito. Shirika hilo hilo linasema chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kikijumlisha iliyomo ndani ya mkate, mchuzi na karanga za pakiti. Mwenye presha anayekaa saa nane garini, miguu imening'inia, akila chipsi za chumvi na kujinyima maji ili asilazimike kuomba gari lisimame, asishangae jioni viatu vikimbana.

Sukari ikishuka njiani

Hili nilieleze kwanza kwa sababu ndilo linaloweza kuua siku hiyo hiyo.

Sisi tumezoea kuogopa sukari kupanda. Lakini mtu anayejidunga insulini, au anayetumia baadhi ya vidonge vinavyosukuma kongosho litoe insulini, kama vile glibenklamidi, anaweza kushukiwa na sukari akichelewa kula. Dawa imeshaingia mwilini na inafanya kazi yake, chakula hakijaja. Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kizunguzungu, hasira isiyo na sababu au maneno ya kuchanganyikiwa. Watu garini wanaweza kudhani amelewa.

Kama ana kile kimashine cha kupimia, kipimo cha chini ya 4 maana yake sukari imeshuka. Kama hana, msingoje. Mpeni vijiko vitatu vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngojeni dakika 15. Kama hajapata nafuu, mrudieni. Akipata nafuu, ale chakula cha kweli, maana ile sukari haikai mwilini muda mrefu. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Huyo ni wa kukimbizwa kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa hiyo soda ile ile niliyoilaumu hapo juu ndiyo dawa katika saa hiyo. Mwenye kisukari asafiri na pakiti ndogo ya sukari au glukosi mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari. Na amwambie mwenziwe wa safari hali yake. Sisi watu wa pwani tuna aibu ya kutaja maradhi mbele za watu, lakini yule mama wa nyuma yetu asingekuwa na macho makali, sijui tungefika Ikutha na nini.

Insulini nayo ina masharti yake. Isiachwe kwenye dashibodi wala ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto huiharibu. Ichukuliwe ndani ya mkoba unaobebwa mkononi, na kukiwa na joto kali izungushiwe kitambaa kilicholoweshwa juu ya mfuko wake. Isigusane na barafu, kwani ikiganda haifai tena. Na kabla ya safari ndefu, muulize daktari au muuguzi wako dawa utaimeza saa ngapi ikiwa chakula kitachelewa. Swali hilo moja lingetuepusha na mengi.

Njia hii si ngeni

Mtu wa pwani akisikia Ikutha hudhani ni mbali sana. Zamani ilikuwa mbali kwa vumbi na mashimo. Sasa barabara inayotoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui imewekwa lami, na garimoshi la SGR la vituo vingi husimama Kibwezi. Wengi wetu tunapita huko kwa kazi, kwa biashara, kwa harusi na kwa mazishi.

Kwa hakika tuna undugu wa njia na Ukambani tangu kale. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu hadi Mombasa, na mfanyabiashara mkubwa Kivoi wa Kitui alijulikana hapa. Mmisionari Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alikwenda Ukambani mwaka 1849 na tena mwaka 1851. Safari hiyo ya pili msafara wao ulishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akarudi akihangaika kwa njaa na kiu. Waliosafiri njia hizo kwa miguu walijua jambo ambalo sisi wa mabasi tumelisahau, kwamba masurufu ya njia hupangwa kabla mtu hajafunga mzigo.

Hata mto Athi tuliouvuka si mgeni. Maji yake ndiyo yanayoteremka yakawa Galana, kisha Sabaki, yakaingia baharini karibu na Malindi. Na mtoto wa Mombasa anayemung'unya mabuyu shuleni, mara nyingi buyu lenyewe limetoka kwenye mibuyu ya Ukambani. Ukwaju wa juisi yetu ya Ramadhani, pojo za dukani, asali ya kutibu kikohozi, vyote hivyo magunia na madebe yake hushuka kutoka huko. Chakula cha Ikutha tunakila nyumbani kila wiki bila kujua. Tukienda kwao ndipo tunapokikataa.

Jikoni kwa Wakamba kuna nini?

Ikutha ni nchi kavu. Mvua ni chache, na ile inayotegemewa zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi mara nyingi hukauka kabla ya kubeba. Kwa hiyo wakulima hutegemea mazao yanayovumilia: ndengu, mbaazi, kunde, mtama na mawele. Ndengu ndizo hizo hizo pojo zetu. Huwa tayari kwa siku 60 hadi 90, na mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui, chini ya gavana Charity Ngilu, iligawa mbegu zake kwa wakulima wengi ili ziwe zao la biashara.

Sasa tazama mazao hayo kwa jicho la mgonjwa wa sukari. Gramu 100 za pojo zilizopikwa zina protini kama gramu 7 na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 7. Nyuzinyuzi hizo hufanya wanga uingie kwenye damu polepole, hushibisha kwa muda mrefu na hulifungua tumbo lililofunga kwa kukaa garini. Ni kile hasa anachokihitaji msafiri. Tena katika vibanda vingi ndicho chakula cha bei nafuu kuliko vyote.

Utakavyovikuta ni hivi:

Ndengu au maharagwe kwa ugali au chapati. Agiza ugali mdogo, au chapati moja badala ya tatu. Ukipata ugali wa mtama au wa mawele, huo ni bora kuliko sembe nyeupe.

Muthokoi. Haya ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda, yakapikwa na maharagwe, mbaazi au kunde. Yasiyotolewa ganda huitwa isyo, na mtu wa Mombasa akiyaona atasema hii ni pure yetu, isipokuwa haina nazi. Hushibisha sana, basi sahani ndogo yatosha. Kwa mwenye kisukari, omba yenye maharagwe mengi kuliko mahindi.

Mbaazi. Hizi hazihitaji maelezo kwa watu waliolelewa kwa mbaazi za nazi na mahamri. Tofauti ni kuwa kule hupikwa bila tui, na mahamri hayako. Kwa afya ya msafiri, zote mbili ni faida.

Majani ya kunde na mboga nyingine za kienyeji. Msimu wa mvua huwa tele. Wakati wa kiangazi huadimika na bei hupanda, basi usimlaumu mwenye kibanda akikupa kijiko kimoja.

Matunda. Ukanda wa Makueni na Kitui unajulikana kwa maembe na machungwa. Maembe hujaa kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Chungwa zima ni bora kuliko juisi ya pakiti, kwa sababu unakula na nyuzi zake. Buyu lisilotiwa rangi wala sukari lina vitamini C nyingi. Yale mekundu ya sukari ni peremende.

Ukikaa mbele ya chakula, kuna kipimo rahisi kisichohitaji mizani. Igawe sahani kwa macho. Nusu iwe mboga, robo iwe pojo, maharagwe, samaki, yai au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Sahani za njiani huja kinyume chake, mlima wa ugali na mboga za kupambia. Hakuna ubaya kusema, "Mama, nipunguzie ugali, niongeze mboga." Nimesema hivyo mara nyingi tangu siku ile na hakuna aliyenikasirikia.

Suala la halali

Nililisema hapo awali na silikwepi, kwa sababu kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ndilo linaloamua chakula cha safari. Tukishafika mahali ambapo hatuna uhakika na mchinjaji, tunakimbilia chipsi, soda na keki kwa kuwa "hazina nyama". Tunalinda dini, jambo zuri, lakini tunauumiza mwili ambao nao ni amana.

Pojo, mbaazi, maharagwe, muthokoi, mboga, mayai ya kuchemsha na matunda havina mchinjaji. La kuuliza ni mambo mawili tu: vimepikwa kwa mafuta gani, na je, vimetiwa mchuzi wa nyama? Uliza kwa adabu na kwa sauti ya kawaida. Wenyeji wa Ukambani wamezoea wageni na hujibu kwa uwazi.

Na anayeendelea mbele ya Kibwezi kuelekea Nairobi, apo Makindu. Hekalu la Masingasinga la hapo, lililojengwa mwaka 1926, hulisha msafiri yeyote bure, bila kumuuliza kabila wala dini. Chakula chao hakina nyama kabisa, ni chapati, dengu, mboga na chai. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula unachoweza kumaliza. Madereva wengi wa malori wanalijua hekalu hilo kuliko sisi.

Masurufu ya kutoka nayo nyumbani

Mama zetu hawakutuacha tutoke mikono mitupu. Tatizo ni kuwa siku hizi tukifunga chakula cha njia, tunafunga kilicho kitamu kuliko kinachodumu. Pilau ya jana ndani ya kontena, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Kila mpishi wa pwani anajua chakula cha nazi huchacha upesi. Kwa joto la Tsavo, kukibeba saa saba ni kutafuta kuharisha. Kanuni inayotolewa na wataalamu wa afya ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na wali ni miongoni mwa vyakula vyenye hatari, hata kama haunuki.

Vinavyofaa kubebwa ni vikavu au vyenye ganda. Mkate wa mofa wa mtama, ule wa kuokwa kwenye tanuri, ulikuwa chakula cha safari kabla ya mabasi, na bado hauna mpinzani. Mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, yaliwe mapema asubuhi. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, machungwa. Korosho au karanga zisizo na chumvi, ukipima kwa konzi moja na si kwa pakiti nzima. Tende ni chakula cha safari tangu jadi, lakini mwenye kisukari atosheke na mbili au tatu akizihesabu kuwa ni wanga wake wa saa ile.

Ukiishiwa, wauzaji wa Voi na Mtito Andei watakuja dirishani. Chagua cha kumenya: ndizi, chungwa, yai, hindi la kuchoma lililo moto. Lakini usipokee biskuti, peremende wala kinywaji kilichofunguliwa kutoka kwa abiria usiyemjua, hata akiwa mchangamfu namna gani. Watu wamelazwa usingizi hivyo wakaamka hawana simu wala pesa.

Maji, na gunia la mahindi

Visima vingi vya Kitui kusini vina maji ya chumvichumvi, na wakati wa kiangazi maji hutoka mbali kwa punda. Usidhani kila jagi lililo mezani limechemshwa. Beba maji yako, au nunua ya chupa iliyofungwa, au uliza kama yamechemshwa. Chai iliyochemka mbele yako ni salama kuliko maji baridi usiyoyajua. Iombe bila sukari uongeze mwenyewe. Na unywe, usijikaushe. Ukiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vitakusaidia kurudisha maji mwilini huku ukitafuta kituo cha afya.

La mwisho ni la mizigo ya kurudi. Sisi tukienda bara tunapenda kurudi na gunia. Pojo na mbaazi kavu, safi, nunua kwa raha. Mahindi, kuwa mwangalifu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani zilipata msiba wa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kuyakoboa mahindi, kama yanavyofanywa ya muthokoi, hupunguza sehemu ya sumu lakini hakuimalizi. Kwa hiyo mahindi ya bei ya kutupa yenye punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu, yaache yalipo. Usimpe hata kuku.

Kabla hujafunga mkoba

Yote haya yanaweza kupangwa jioni moja kabla ya safari. Kula kiamsha kinywa cha kweli kabla ya kidonge, si chai kavu. Weka masurufu ya saa nne za kwanza mahali mkono unapofika, pamoja na maji na pakiti ya sukari kwa mwenye kisukari. Amua mapema utasimama wapi kula, na ukifika hapo tafuta kwanza sufuria za nafaka kabla ya kutazama kabati la chipsi. Na gari likichelewa, usingoje mpaka ufike, kula.

Tulipokuwa tukirudi, mpwa wetu alitufungia muthokoi ya moto kwenye mkebe, mayai sita na machungwa, akamwambia mjomba wake mkubwa, "Mjomba, hii ule kabla ya Kibwezi, sitaki simu nyingine ya kunitisha." Kaka alikula tukiwa bado steji ya Ikutha. Mtito Andei nilishuka peke yangu kununua maji. Nilimkuta kijana yule yule mezani, na ndengu zake zilikuwa bado zinachemka. Safari hii niliagiza sahani moja nikala nimesimama, maana basi lilikuwa linapiga honi.